Kichwa kilichozikwa chini ya ngazi

Mwanangu mpenzi,

Picha uliyonitumia kutoka British Museum nimeipata, ile ya kichwa cha shaba nyeusi cha Kaisari Augusto, mtawala mkuu wa kwanza wa dola ya Kirumi. Swali lako nimelisoma mara mbili: "Baba, hawa Warumi sanamu zote hizi zilikuwa za nini? Pambo tu?" Kwenye simu ningekujibu haraka haraka na nisingelitendea haki, ndiyo maana nakuandikia.

Hazikuwa pambo, mama. Kwa Mrumi, sanamu ilisimama mahali pa mtu mwenyewe. Tuanze nyumbani kwao. Koo ambazo watu wake waliwahi kushika vyeo vikubwa vya dola ziliweka ukumbini makabati ya mbao, na ndani yake barakoa za nta zenye sura za wazee wao waliotangulia. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeishi Roma katika karne ya 2 KK, ameeleza mambo yalivyokuwa siku ya msiba. Barakoa zilitolewa, wakatafutwa watu wenye kimo na umbo la wale marehemu, wakazivaa pamoja na joho la cheo cha kila mmoja. Walipanda magari ya farasi hadi uwanja mkuu wa mji, wakaketi safu moja kwenye viti vya pembe za ndovu. Hebu fikiria kijana anamzika babu yake huku mababu wa vizazi na vizazi wameketi wanamtazama! Polybius anasema hakuna tamasha lililomfaa zaidi kijana mwenye kiu ya heshima, nami nakubaliana naye kabisa.

Ndiyo maana nyuso nyingi za marumaru za enzi hizo zina makunyanzi, upara na mashavu yaliyobonyea. Uzee ulikuwa ushahidi wa miaka ya utumishi, na mchongaji hakuuficha.

Lakini wanaonigusa mimi zaidi ni watumwa walioachwa huru. Sheria haikumtambua baba wa mtumwa, kwa hiyo hawa hawakuwa na mzee wa kumweka kabatini. Kwenye maandishi ya kaburi, mzaliwa huru aliwekewa herufi F, yaani mwana wa fulani. Aliyetoka utumwani aliwekewa L, yaani aliyeachwa huru na fulani, likifuatana na jina la bwana wake. Herufi moja tu, na maisha mazima yamo humo. Watu hawa walipopata uwezo waliagiza wachongwe nyuso zao wenyewe, mume na mke wameshikana mikono ya kulia, jiwe likawekwa kwenye kaburi la kando ya barabara ili kila mpita njia awaone. Pengine mtoto yupo katikati yao, na shingoni amevaa bulla, kidani cha watoto waliozaliwa huru. Mzazi yeyote anaelewa kwa nini kidani kile hakikusahaulika. Hata mwoka mikate Eurysaces alijijengea kaburi, bado lipo Porta Maggiore, lango la kale la mji wa Roma, na juu yake zimechongwa kazi zote za kiwanda chake, kuanzia kusaga ngano hadi kupima mikate.

Sasa turudi kwa Augusto wako. Alifariki mwaka 14 BK akikaribia miaka 76, ila sanamu zake hazikuzeeka naye. Uso ule ule wa kijana ulisimamishwa katika miji ya dola nzima, hata mpakani kusini mwa Misri, ili watu ambao wasingemwona maishani wajue wako chini ya nani. Karibu na mwaka 25 KK majeshi ya Kushi, ufalme uliokuwa katika Sudani ya leo, yalivamia miji hiyo ya mpakani na kuangusha sanamu zake. Kichwa kimoja kilipelekwa Meroe, mji mkuu wa Kushi, kikazikwa chini ya ngazi za hekalu la ushindi, ili kila anayeingia amkanyage Kaisari. Wakushi walielewa vizuri sana sanamu ni nini. Kilifukuliwa mwaka 1910, na ndicho hicho ulichosimama mbele yake.

Umesema macho yake yalikutisha. Ni ya kioo na mawe, yamebaki mazima kwa kuwa yalilala mchangani zaidi ya miaka 1,900. Ukienda tena nipigie picha ya ubavuni, niione shingo pale ilipokatika.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako