Kufundisha raga chuoni: fundisha watakaoondoka

Walimu vijana wanaotaka kuanzisha raga vyuoni huniuliza kwanza mipira inapatikana wapi. Mipira itapatikana. Cha kujiuliza mapema ni utafanya nini timu yako ikihitimu, kwa sababu itahitimu, na upesi kuliko unavyodhani.

Kocha wa klabu anaweza kukaa na mchezaji mmoja mpaka astaafu. Wewe wa chuo cha ualimu unampokea hajui hata kwamba pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele, unamnoa, na anapoanza kuusoma mchezo anavaa joho anaondoka zake kufundisha Urambo, Sikonge au Kasulu. Ukiweka moyo wako kwenye makombe utachoka mapema. Mimi nimedumu hapa Tabora kwa kuwa niliamua kufundisha watu watakaoondoka, na mazoezi yangu yote yamepangwa hivyo.

Kwanza, wa mwaka wa pili ndio wanaowafundisha wa mwaka wa kwanza. Mimi nasimama pembeni na filimbi, naingilia pale tu ninapoona shingo ya mtu iko hatarini. Anayemfundisha mwenzake kukaba, yaani kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, analazimika kuelewa kwa nini bega linakaa hapa na si pale. Akienda kwenye shule yake ya kwanza kazini, hiyo haitakuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya kundi.

Na kukaba kunaanzia magotini. Wawili wanapiga magoti, mmoja ana mpira, mwingine anamjia ubavuni. Macho ya mkabaji yako kwenye kiuno cha mwenye mpira, maana usoni atakudanganya tu. Kichwa kinapita nyuma ya mwili wake, shavu linagandana na kalio, bega linagusa paja, mikono inafunga, ndipo wanaanguka pamoja. Wavulana watacheka wakisikia shavu na kalio. Waache wacheke siku hiyo. Kichwa kikipita mbele, anayekabwa anakiangukia, na hapo hakuna wa kucheka. Magoti yakikolea wanachuchumaa, halafu wanatembea, na kukimbia kunakuja baadaye sana. Mwaka 2023 Shirikisho la Raga Duniani lilivitaka vyama vya nchi wanachama vijaribu, kwenye raga ya ridhaa, kushusha kukaba kuwe chini ya kidari. Wangu nawaambia kiunoni kushuka chini, basi.

Ila ratiba uliyoitoa mtandaoni haiijui Tabora. Kuanzia Juni hadi Oktoba uwanja wetu ni sakafu ya saruji yenye vumbi juu. Kiangazi tunacheza raga ya kugusa, au ile ya vitambaa: vipande viwili vya kitenge kilichochakaa vimechomekwa kiunoni, ukichomolewa kimoja umekabwa. Anayetaka kujifunza kuanguka mwezi Agosti nampeleka kwenye shimo la mchanga la kurukia, la watu wa riadha. Mvua za Novemba zikilainisha ardhi ndipo tunakabana kwa kweli.

Aliyegongwa kichwa anatoka. Hapa sina mjadala na nahodha, wala na mchezaji mwenyewe anayeapa kwamba yuko sawa. Muulize tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mara ya mwisho. Akibabaika ujue ubongo umetikisika, apelekwe hospitali. Akijibu yote vizuri bado harudi siku hiyo, kwa kuwa dalili nyingine hujitokeza usiku. Kwetu hachezi mechi kabla ya siku 21, hata kama tumebaki sita.

Tukibaki sita maana yake tumepungukiwa mmoja, kwa sababu tunacheza raga ya wachezaji saba. Usianze na ya kumi na tano. Ile inataka dakika 80, skramu (kule kushikana na kusukumana) ya watu wanane kila upande na makocha zaidi ya mmoja. Hii ya saba ni vipindi viwili vya dakika saba, na ni vigumu watu wa soka kukunyima uwanja kwa dakika 14. Ndiyo iliyoingia Olimpiki mwaka 2016 na kuipa Fiji medali yake ya kwanza kabisa, tena ya dhahabu. Mwaka huohuo Kenya waliifunga Fiji hiyohiyo 30–7 kwenye fainali ya Singapore, chini ya kocha marehemu Benjamin Ayimba. Nawaonyesha wanachuo mechi ile kwenye simu, na si kwa ajili ya trai pekee, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Ayimba alikuwa ameifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba mwaka 2009, akaondoka, kisha akarudi kuifundisha tena. Trai kwetu ni pointi tano kama kawaida. Zile mbili za teke linalofuata tumeziacha, hatuna milingoti.

Wazazi nao ni sehemu ya kazi. Mama mmoja alinipigia simu, baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Baba, nimesikia mwanangu anacheza mchezo wa kuangushana." Usibishane naye kwenye simu, mwite. Alikuja, akauliza kofia ngumu ziko wapi, kumbe aliuona ule wa Wamarekani kwenye televisheni. Akatazama zoezi la magoti mpaka mwisho. Swali lake la kuondokea lilikuwa watoto wanakula nini baada ya mazoezi, na kusema kweli alinibana.

Posho usiisubiri. Mimi ni mkufunzi wa baiolojia, raga ni ya jioni na Jumamosi asubuhi, na Jumamosi baada ya saa sita ni ya nyumbani. Fedha kidogo ninayotenga inaishia kwa fundi viatu anayeshona mipira iliyofumuka. Kila anayehitimu akiwa amewahi kufundisha wenzake anaondoka na mpira mmoja wa namna hiyo. Huko aendako atakuta darasa la watoto wengi, soka na netiboli zimeshachukua uwanja na michuano ya shule za sekondari, UMISSETA, inawasubiri. Namwambia aombe kona moja ya uwanja, atafute kitenge cha zamani, na asimkabishe mtoto yeyote muhula wa kwanza.