Mama Aliyeficha Jina la Ukoo

SWALI: Ninafundisha historia hapa Kisumu. Katika somo la uhamiaji nimekutana na simulizi za mabinti wa Kichina waliozaliwa Marekani, na wengi wanalalamika kwamba mama zao hawakuwaeleza lolote kuhusu ukoo wao. Je, hayo ni malezi tu? – Mwalimu, Kondele

JIBU: Mwalimu, wapo wanaosema kwamba Wachina ni wasiri kwa tabia, na kwa maoni yangu kauli hiyo inawadhulumu akina mama hao, kwa kuwa wengi walifungwa midomo na sheria. Mwaka 1882 Marekani iliwapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Moto uliofuata tetemeko la San Francisco mwaka 1906 ulipoteketeza rekodi za vizazi, wanaume wengi walidai kwamba walizaliwa mjini humo na hivyo ni raia wa Marekani, na baadaye vijana wa koo nyingine wakaingia kwa hati za kununua, wakijiita wana wa raia hao. Katika kisiwa cha Angel, kwenye ghuba ya San Francisco, ambako wahamiaji walihojiwa kuanzia 1910 hadi 1940, afisa aliweza kumuuliza mtu nyumba yao ya kijijini inaelekea wapi, ina vipandio vingapi, na pipa la mchele hukaa upande gani. Majibu yalikaririwa melini, kisha karatasi zilizoandikwa majibu hayo zikatupwa baharini.

Sasa mfikirie mke wa mtu aliyeingia hivyo. Watoto wake wanaitwa kwa ukoo usio wao, na binti akiropoka shuleni, baba anaweza kufukuzwa nchini. Huku kwetu, ambako mtoto wa Kijaluo hupewa jina la nyanya aliyefariki ili lisipotee, si vigumu kuuhisi uchungu wa mama huyo. Kuna familia zilizochonga kaburini jina la hati kwa Kiingereza na lile la kweli kwa Kichina, na binti asiyejua maandishi hayo akasimama mbele ya jiwe la babake bila kuweza kusoma jina lake mwenyewe.

Si wote waliokuwa na siri ya hati; wengine walinyamazia vita na watoto waliowaacha nyuma.

Darasani, ningeanza na maswali ya yule afisa. Kila mwanafunzi aandike mlango wa nyanya yake unaelekea wapi na mtungi wa maji ulikaa wapi, kisha jioni akamuulize mama yake kama amepatia.