Jibu: Anayejua kuendesha baiskeli aingie lini kwenye barabara yenye magari?

Umeuliza kama mwanafunzi wako, mtu mzima ambaye tayari anamudu baiskeli bila kuanguka, anaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye barabara kuu. Kwa maoni yangu, bado. Mweke kwanza kwenye uwanja mtupu hadi aweze kugeuza shingo na kutazama nyuma ya bega huku baiskeli ikienda mstari ulionyooka, kwa kuwa wengi, wanapotazama nyuma, huvuta usukani upande uleule bila kujua, na kosa hilo dogo huweza kumwingiza mtu mbele ya gari. Akishaliweza hilo, aongeze ishara ya mkono. Breki atazizoea haraka.

Kisha mpeleke kwenye mtaa tulivu, wewe ukimfuata kwa nyuma. Watu wazima (ambao huwa waoga kuliko watoto, wala si ajabu) hupenda kujibanza ukingoni kabisa. Mkataze, maana milango ya magari yaliyoegeshwa hufunguliwa ghafla, hivyo apite umbali wa takriban mita 1 kutoka kwenye magari hayo. Lori linalotaka kukata kona asilipite kamwe kwa upande linakoelekea, kwani dereva huenda asimwone kabisa, na magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi ya kona kuliko yale ya mbele.