Maswali na majibu: Cheti cha wiki sita hakithibitishi mtaalamu wa maabara

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina stashahada ya maabara ya afya na nimefanya kazi hospitalini miaka minne, zaidi kitengo cha kemia na hematolojia (uchunguzi wa chembe za damu). Nataka uthibitisho wa kimataifa ili niweze kuomba kazi nchi nyingine. Nimepata kozi ya mtandaoni ya wiki sita. Mwishoni wanatoa cheti kinachosema umethibitishwa kimataifa kwa ISO 15189, na wanasema ni cha maisha na kinakubalika popote duniani. Rafiki yangu naye anamfahamu mtu anayeuza maswali halisi ya mtihani wa ASCP, chombo cha Marekani kinachothibitisha wataalamu wa maabara. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba. Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Kama hujalipa, usilipe.

Swali kama lako linanifikia mara kwa mara, na karibu kila mara hiyo ISO 15189 imo ndani yake. ISO 15189 ni kiwango cha maabara, si cha mtu. Toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2022, nalo linaiangalia maabara nzima: sampuli inapokelewaje, mashine zinahakikiwaje, nani ameidhinishwa kutoa jibu, kosa likitokea linafuatiliwaje. Maabara ikikidhi, inapewa ithibati na chombo cha ithibati. ISO yenyewe, yaani shirika la kimataifa la viwango, haimpi mtu cheti wala haiipi maabara. Kazi yake ni kuandika viwango. Unaweza kuhudhuria mafunzo juu ya kiwango hicho na ukanufaika sana, hasa ukiwa msimamizi wa ubora, lakini unachotoka nacho ni karatasi ya kuonyesha kwamba ulihudhuria. Anayekwambia atakuthibitisha wewe binafsi kwa ISO 15189, ama hajui anachouza, ama anajua vizuri na anategemea kwamba wewe hujui.

Vyombo vinavyothibitisha watu vina kiwango chao, ISO/IEC 17024, na ukikielewa hata juujuu utawatambua matapeli wengi bila kumuuliza mtu. Kinataka mtihani utokane na uchambuzi wa kazi halisi, yaani watu wa fani waulizwe mtu wa ngazi hiyo anatakiwa kuweza nini, kisha maswali yatungwe kutoka humo. Kinataka kuwe na sifa za kutimiza, kuwe na muda wa cheti kuisha, na kuwe na utaratibu wa kumnyang'anya cheti anayekiuka maadili. Na kinataka chombo kijilinde dhidi ya mgongano wa masilahi kati ya kufundisha na kuthibitisha. Sasa ipime kozi yako. Anayekufundisha ndiye anayekutahini, ndiye anayekufaulisha, ndiye anayekuuzia cheti. Hakukuuliza ulisoma wapi. Hakuomba barua ya msimamizi wako. Hakuna aliyeshindwa, maana anayeshindwa hatarudi kulipa kozi inayofuata.

Chombo cha kweli kinakusumbua kabla hujakaa kwenye mtihani. Marekani kuna ASCP, yaani American Society for Clinical Pathology, ambayo bodi yake ya uthibitisho ilianza mwaka 1928, na kuna American Medical Technologists iliyoanzishwa mwaka 1939. ASCP ina njia maalum kwa waliosoma na kufanya kazi nje ya Marekani, na wanaofaulu hubeba alama ya ASCPi. Kabla ya kupangiwa mtihani utatakiwa kuonyesha masomo yako, na yakiwa ya nchi nyingine kwa kawaida yatapitia kwanza kwa wakala wa tathmini wanaokubalika. Uzoefu wako utathibitishwa kwa maandishi na msimamizi, akieleza umefanya kazi vitengo gani na kwa muda gani.

Hapo ndipo kesi yako inapohitaji macho. Stashahada kwa kawaida inakuingiza ngazi ya fundi sanifu wa maabara. Ngazi ya mwanasayansi wa maabara inadai shahada. Usiombe ngazi ya juu kwa matumaini kwamba hawatagundua, kwa sababu watagundua na ada itakuwa imekwenda. La pili, miaka yako minne imekaa kwenye kemia na hematolojia. Njia zinazotegemea uzoefu wa kazi hudai uzoefu uliopita vitengo vikuu vyote, pamoja na mikrobiolojia na benki ya damu. Mwombe mkuu wako wa maabara akuzungushe sasa, na umwombe aweke kumbukumbu ya mzunguko huo wakati unaendelea. Barua inayoandikwa miaka mitatu baadaye na mtu aliyekwisha kuhama kituo hukwamisha watu wengi kuliko mtihani wenyewe. Na hakikisha majina yako yanafanana kwenye cheti cha chuo, pasipoti na fomu ya maombi. Jina la tatu likikosekana sehemu moja, unaweza kuzuiwa mlangoni siku ya mtihani.

Tena, hata ukifaulu, uthibitisho si leseni. Chuo kinasema umehitimu. Chombo cha uthibitisho kinasema umepimwa na una umahiri wa ngazi fulani. Ruhusa ya kufanya kazi inatoka kwa mamlaka ya nchi unayokwenda, na kila nchi ina sheria zake. Uingereza huwezi kujiita mwanasayansi wa biomedikali, yaani mtaalamu wa maabara ya afya, bila kusajiliwa na Health and Care Professions Council. Cheo hicho kinalindwa na sheria, na kukitumia bila usajili ni kosa la jinai. Marekani sheria ya shirikisho ya maabara, CLIA ya mwaka 1988, imeweka sifa za chini za wafanyakazi, halafu majimbo kama California, New York na Florida yana leseni zao juu yake. Kwa hiyo neno "popote duniani" kwenye tangazo la kozi ni uongo hata kabla hujafungua somo la kwanza. Chagua kwanza unakokwenda, usome masharti ya mamlaka ya huko, kisha urudi nyuma kutafuta uthibitisho wanaoutambua.

Nije kwa muuza maswali. Tuseme kweli ameyaiba. Mtihani wa ASCP wa fani za maabara una maswali 100 kwa muda wa saa mbili na nusu, na kompyuta inabadilisha ugumu wa maswali kufuatana na unavyojibu. Ukijibu sawa, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Watu wawili waliokaa siku moja hawapati karatasi moja. Alama ya kufaulu ni 400 kwenye kipimo chao, na hesabu yake inaangalia ugumu wa maswali uliyoyajibu, si idadi tu ya uliyopatia. Aliyekariri majibu 300 atapanda kwa maswali machache, akutane na maswali asiyowahi kuyaona, ashuke. Na akigundulika alitumia maswali ya wizi, matokeo yanafutwa na anaweza kufungiwa.

Lakini kinachonikasirisha zaidi hakiko kwenye chumba cha mtihani. Chukua jibu hili la kemia: potasiamu 8.9, kalsiamu 1.1, sodiamu ya kawaida, kimeng'enya cha fosfatasi alkalini kimeshuka sana. Seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, ni safi, ya manjano, haina wekundu wowote. Mgonjwa amekuja kwa miguu yake na anaongea vizuri. Aliyekariri anaona potasiamu iko juu na anakimbilia kusema chembe nyekundu zimepasuka, kwa sababu ndivyo swali alilolikariri lilivyojibiwa. Anarudia kipimo kwa sampuli ileile, mashine inampa namba ileile, anaridhika na kutoa jibu.

Anayeelewa anasimama hapo. Chembe zingepasuka seramu ingekuwa nyekundu, na kalsiamu isingeanguka hivyo. Hapa damu imechanganyika na dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye tyubu yenye kifuniko cha zambarau. Dawa hiyo ni chumvi ya potasiamu ya EDTA: potasiamu yake inapandisha namba, na EDTA inafunga kalsiamu, magnesi na zinki. Fosfatasi alkalini inahitaji zinki na magnesi ili ifanye kazi, ndiyo maana nayo imeanguka. Huenda mchukua damu alianza na tyubu ya zambarau kabla ya ile ya seramu, au alimimina damu kutoka moja kwenda nyingine ili kufidia upungufu. Jibu halitoki. Unapiga simu wodini na kuomba sampuli mpya kwa mpangilio sahihi. Likitoka, daktari anaweza kumpa mgonjwa insulini na glukosi kushusha potasiamu ambayo haikuwa juu, na moyo hauvumilii potasiamu iliyoshuka kupita kiasi.

Maswali ya uthibitisho yanatafuta mtu wa namna hiyo: anayetazama namba nne pamoja na kujiuliza kama zinaweza kutoka kwa mtu aliye hai anayetembea. Huwezi kuununua uwezo huo kwenye faili la simu. Jiandae kwa mwongozo wa maudhui ambao bodi yenyewe inautoa bure. Kwenye mtihani wa mwanasayansi wa maabara, kwa mfano, kemia, hematolojia, mikrobiolojia na benki ya damu kila moja hubeba kati ya asilimia 17 na 22. Kwa mtu wa historia yako, miezi mitatu kwenye benki ya damu itakusaidia kuliko kusoma kemia tena.

Kuhusu "cheti cha maisha", uthibitisho wa kweli unaisha. Wa ASCP unahuishwa kila baada ya miaka mitatu kwa pointi za mafunzo endelevu. Mwanasayansi wa maabara anatakiwa kuwa na pointi 36. Aliyethibitishwa zamani na hakujiendeleza hajui vipimo vya leo, na mwajiri ana haki ya kulifahamu hilo.

Wala si maabara peke yake. Naona biashara hii kwa wachukua damu wanaopewa cheti bila kuchoma mshipa hata mmoja chini ya usimamizi. Naiona kwa wasaidizi wa tiba, kwa mafundi dawa, na kwa watu wanaofundishwa ultrasaundi mwisho wa wiki na Jumatatu wanatoa taarifa za ujauzito. Wote wamelipa, wengi kwa nia njema, na wengi walikuwa na sifa za kutosha kufuata njia halali tangu mwanzo. Pesa waliyompa tapeli ingetosha kuanza tathmini ya vyeti vyao.

Waajiri makini hawasomi karatasi uliyoambatisha. Wanaandika moja kwa moja kwa chombo kilichotoa cheti, au wanatafuta jina lako kwenye rejista yake. Kabla hujajiunga na kozi yoyote, fanya hivyohivyo: waombe rejista ya waliothibitishwa, halafu iulize mamlaka ya nchi unayotaka kwenda, kwa maandishi, kama wanaitambua. Subiri jibu. Na kama rafiki yako ameshalipia kozi kama hiyo, adai pesa yake kwa maandishi, na kama cheti hicho amekwisha kukiweka kwenye wasifu wake akiondoe leo, kabla hajapeleka maombi mengine. Uhakiki ukikuta kimoja ni cha uongo, stashahada yake halali nayo itatiliwa shaka.