Usisaini Siku Hiyo Hiyo

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu akiachishwa kazi, na mwajiri akamwekea mezani hati ya makubaliano pamoja na hundi, asaini yaishe au akatae aende mahakamani? Najibu kama mtu aliyewahi kukaa pande zote mbili za meza hiyo. Miaka 11 nilikuwa idara ya mishahara, na kuandaa malipo ya mwisho ya wanaoondoka ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Kisha ikafika zamu ya kuandaliwa yangu.

Jibu langu ni hili: saini ukitaka, ila usisaini siku hiyo hiyo, na kabla ya kusaini ujue unauza nini. Maana ile hati ni ya mauziano. Mwajiri ananunua kwako haki ya kumshtaki. Shukrani kwa utumishi wako na maneno ya kukutakia kila la heri hayo ni ya kufungia mzigo.

Yangu yalikuja Ijumaa saa kumi jioni, saa ambayo mawakili wanafunga ofisi na wenzako wanakimbilia magari. Niliingia nikamkuta meneja, afisa utumishi, na bahasha. Barua ilisema utovu wa nidhamu, bila kutaja kosa gani wala lini. Hati ya makubaliano ilikuwa kurasa mbili, na kifungu cha sita kilisema napokea fedha hizo kama “malipo kamili na ya mwisho” na sitakuwa na dai lolote, la sasa au la baadaye. Chini ya hapo kulikuwa na tarakimu moja tu. Jumla.

Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ujanja wa kuandika jumla bila mchanganuo niliujua. Nilikuwa nimeuandika mimi mwenyewe kwa wengine, kwa maelekezo ya wakubwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa ghala, alisaini akiwa amesimama, akaniambia, “Ahsante mwanangu, umenihangaikia.” Siku zake za likizo ambazo hakuwahi kuzichukua zilikuwa 31; nilikuwa nazo kwenye daftari. Kwenye karatasi yake hazikuwemo. Hakuuliza, nami sikusema.

Kwa hiyo nikaomba mchanganuo. Afisa utumishi akasema haupo. Nikachukua kalamu yao nikaanza kuugawa hapo hapo nyuma ya bahasha: mshahara wa siku nilizofanya mwezi ule, notisi ya mwezi mmoja, likizo siku 19, kiinua mgongo kwa miaka 11. Nilipojumlisha, nikapata kiasi kikubwa kuliko chao. Yaani walikuwa wananilipa sehemu ya fedha zangu mwenyewe, na kwa hizo hizo wananunua na haki yangu ya kushtaki. Bei ya haki hiyo ilikuwa chini ya sifuri.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa, kwa hiyo nisimame kidogo. Malipo ya mtu anayeachishwa kazi yana mafungu mawili. Fungu la kwanza ni stahiki: mshahara uliokwisha kuufanyia kazi, notisi au malipo badala ya notisi, likizo iliyobaki, na kiinua mgongo pale sheria au mkataba unapokitoa. Sehemu kubwa ya hizo ni deni la kawaida, kama deni la duka, halihitaji uachie kitu ili ulipwe. Aliyefukuzwa kwa kosa kubwa anaweza kupoteza notisi na hata kiinua mgongo, lakini mshahara wa siku alizofanya ni wake. Fungu la pili ni fidia, ile inayokuja juu ya stahiki, na ndiyo bei ya wewe kunyamaza. Ukiona tarakimu moja, itenganishe kwanza. Ukikuta fungu la pili ni tupu, hapo hakuna suluhu, kuna mtu anataka kuokota haki yako bure.

Fidia iwe kiasi gani? Inategemea madai yako yana nguvu kiasi gani, na hapo inafaa ujue kipimo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1982 Mkataba Na. 158 kuhusu kusitisha ajira. Nchi nyingi hazijauridhia, lakini misingi yake utaikuta katika sheria za kazi za mahali pengi. Mwajiri awe na sababu halali: uwezo wako, mwenendo wako, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Kama sababu ni mwenendo au utendaji, upewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuondolewa. Ujauzito, uanachama wa chama cha wafanyakazi, dini, rangi, jinsia, au kule kumlalamikia mwajiri kwenye vyombo vya sheria, si sababu halali. Kutokuwepo kazini kwa muda kwa ajili ya ugonjwa nako si sababu halali. Na mzigo wa kuthibitisha usimwelemee mfanyakazi peke yake.

Marekani ni nyumba nyingine. Kule mwajiri anaweza kukuondoa bila sababu yoyote, ilimradi isiwe sababu iliyokatazwa, kama ubaguzi wa rangi au dini. Kati ya majimbo 50 ni Montana pekee, kwa sheria ya 1987, inayomtaka mwajiri awe na sababu nzuri mfanyakazi akishamaliza kipindi cha majaribio. Nataja hilo kwa sababu watu husoma habari za Marekani kwenye simu, wakakata tamaa au wakajipa matumaini ambayo hayawahusu.

Sasa turudi kwenye saini. Mimi nilipoomba siku saba, niliambiwa ofa inakwisha leo. Ni maneno tu ya kukutia kiwewe. Sheria zenyewe za nchi mbalimbali zinaiogopa saini ya papo kwa hapo. Huko huko Marekani, mfanyakazi wa miaka 40 na zaidi akitakiwa kuachia madai ya kubaguliwa kwa umri, sheria ya 1990 inampa walau siku 21 za kufikiri, na akishasaini ana siku 7 za kubadili mawazo. Uingereza, hati ya namna hii haimfungi mfanyakazi katika madai yake ya kisheria kama hakupata ushauri wa mshauri huru. Ufaransa, pande mbili zikikubaliana kuvunja mkataba wa ajira, kila upande una siku 15 za kujitoa. Hata kama sheria inayokuhusu haikupi siku, hakuna anayeweza kukushika mkono. Omba nakala, sema “nitaisoma”, inuka.

Nilipoinuka kurudi mezani kwangu, nywila ya kompyuta ilikuwa imeshafungwa. Barua pepe za miaka 11 zikaenda. Bahati yangu nilikuwa na mazoea ya kuweka nyumbani mkataba, hati za mshahara za kila mwezi, na tathmini za kazi, ambazo ya mwisho ilinisifu wiki tano tu kabla ya kuitwa mtovu wa nidhamu. Weka nakala za karatasi zako wewe ungali kazini. Zako, nasisitiza. Ukibeba faili za wateja au siri za kampuni, umewapa sababu ambayo hawakuwa nayo.

Mtego mwingine ulikuja Jumatatu kwa simu. Sauti ya upole: “Dada, kwa heshima yako, andika barua ya kujiuzulu, jina lisichafuke.” Wengi wanaandika. Anayejiuzulu mara nyingi anapoteza kiinua mgongo, na akienda kudai kwamba aliachishwa isivyo haki, anaulizwa aliachishwa na nani wakati barua ni yake. Kuna nchi zinazokubali kwamba mtu alisukumwa mpaka akajiuzulu, lakini hapo kazi ya kuthibitisha kusukumwa inakuangukia wewe. Nilimjibu kwamba barua ya kuniondoa ninayo tayari, sioni haja ya nyingine.

Nililipia saa moja ya wakili. Nilijiandaa kumsimulia nilivyoonewa, yeye akataka kujua nina karatasi gani na barua ile ina tarehe gani. Tarehe aliizungushia duara. Nikaelewa baadaye: muda wa kupeleka madai unaanza kuhesabiwa, na mazungumzo na mwajiri kwa kawaida hayausimamishi. Ujerumani ni wiki 3. Tanzania, anayedai kuachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya ni miaka 3. Kuna waajiri wanaojua hesabu hiyo vizuri, wanakuita vikao vya “tunalishughulikia” mpaka siku zinakwisha.

Najua wapo watakaowaandikia kwamba kusaini ni woga, mtu apiganie haki mpaka mwisho. Sikubaliani nao. Kesi ina gharama, ina ahirisho, ina shahidi aliyeahidi kuja asije kwa sababu bado anataka kazi yake. Kurudishwa kazini kupo kwenye sheria nyingi, lakini nani anataka kurudi kwenye ofisi ile ile, bosi yule yule? Na fidia mara nyingi ina kikomo. Kenya, kwa mfano, haizidi mishahara ya miezi 12. Ukijua kikomo, ukapunguza gharama na miaka ya kusubiri, unapata namba unayoweza kukubali bila kujidharau. Mwajiri naye anapiga hesabu hiyo hiyo upande wake. Lakini kama uliondolewa kwa kuwa mjamzito, au kwa kuwa ulifichua wizi, namba hiyo inapanda, na wapo ambao ningewaambia wasisaini kabisa.

Fedha si kila kitu kwenye hati. Angalia tarehe ya malipo na nini kitatokea wakichelewa. Angalia kodi inakatwa kwenye fungu lipi. Angalia kifungu cha kutunza siri kisikuzuie hata kumweleza mwenzi wako au wakili. Mimi nililopigania zaidi ni sababu iliyoandikwa, kwa sababu mwajiri anayefuata angeiona hiyo.

Nilisaini baada ya siku 24. Walilipa stahiki zote, na juu yake mishahara ya miezi minne. Barua ya utovu wa nidhamu ilifutwa kwa maandishi, nikapewa hati ya utumishi inayotaja cheo changu na miaka 11, basi. Safari hii karatasi ilikuja na mchanganuo, kila mstari na tarakimu yake, likizo siku 19 ikiwemo. Aliyeiandaa ni kijana niliyemfundisha kazi mimi. Pembeni, kwa penseli, alikuwa amejumlisha mara mbili.