Kwa nini 61 Cygni unaiona nyeupe

Mkuu, umeuliza kwa nini unaiona nyeupe 61 Cygni, nyota ya kundi la Cygnus ambayo kila kitabu kinasema ni ya rangi ya chungwa. Mimi ilinisumbua misimu miwili, na kilichonichelewesha ni mazoea. Tumefundishwa kwamba nyota hafifu hutazamwa kwa pembe ya jicho. Pembeni jicho hukamata mwanga hafifu, sawa, lakini rangi halizitambui vizuri. Hii itazame moja kwa moja.

Niko Dodoma. Mwishoni mwa Septemba, saa tatu usiku, huwa juu upande wa kaskazini, nyuzi 45 hivi kutoka upeo wa macho. Tafuta Deneb, Sadr na Epsilon Cygni, nyota tatu za kundi hilohilo, kisha kamilisha msambamba (umbo la pande nne, zinazotazamana zikiwa sambamba): kona ya nne, inayotazamana na Sadr, ndiyo yenyewe. Kwa macho matupu ni kidoa tu, na penye taa za mji huioni kabisa.

Funga binokula ya 10x50 kwenye stendi, maana mkono ukitikisika hupati kitu. Utaona ni nyota mbili, zimeachana sekunde 31 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi). Sasa legeza fokasi kidogo. Nuru ikitanuka kuwa duara dogo, rangi inajitokeza. Usiku nilipoiona hivyo mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje aone, naye akaitaja rangi kabla sijamwambia.

Jioni hiyohiyo, saa moja, itazame Arcturus, nyota angavu iliyo magharibi. Joto lake linakaribiana na la hizi mbili, nyuzi 4,000 hivi za Selsiasi, ndiyo maana rangi zinafanana. Ila Arcturus ni jitu, yaani nyota kubwa mno. Iko miaka nuru 37 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka) na bado inang'aa sana. 61 Cygni iko miaka nuru 11.4 tu! Ni hafifu kwa sababu ni ndogo: ile kubwa kati ya hizo mbili hutoa kama asilimia 15 ya nuru ya Jua.

Ukaribu huo ndio uliomwezesha mwanaastronomia Bessel, mwaka 1838 kule Königsberg, kuupima umbali wake. Aliichagua kwa kuwa inahama upesi angani, dalili kwamba iko karibu: sekunde 5.2 za tao kila mwaka. Yaani kwa miaka sita husogea kiasi cha pengo lililopo baina ya hizo mbili. Ukipata darubini, zichore pamoja na nyota ndogo zilizo jirani, andika tarehe, utunze karatasi. Mchoro wangu una miaka minne, na nyota zote mbili zimeshahama kutoka pale nilipozichora.