Shangazi, nimeonywa na watu watatu kuhusu ndoa yangu. Nimsikilize nani?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nimeokoka na naimba kwaya. Harusi yangu ni Desemba, mahari imetolewa na kamati imeanza kukusanya michango. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliniota nimevaa shela katikati ya maji ya tope. Nikaogopa, nikampigia nabii ninayemsikiliza redioni. Akasema kuna mtu wa damu yangu, mdogo wake mama, amenifunga nisiolewe. Nitume laki tatu ya sadaka ya kukata kamba hiyo, nisiongee naye wala nisile kwake. Ni kweli mama mdogo haifurahii ndoa hii. Anasema nimwangalie vizuri mchumba wangu, kwa sababu nilimchukulia mkopo kazini, milioni nne za bajaji, na ameacha kurejesha. Nikimuuliza anakasirika, na ameniomba nisimwambie mchungaji. Lakini hilo ni jambo la kawaida. Nifunge siku ngapi ili Mungu anionyeshe onyo lipi ni la kweli?*

*Binti wa Mbeya*

Marahaba, mwanangu.

Nimekwama hapo uliposema "hilo ni jambo la kawaida". Ndoto imekutisha, nabii amekutisha zaidi. Onyo la tatu, ambalo unaliona kwenye makato ya mshahara wako kila mwisho wa mwezi, umelipita kama si kitu kwa sababu limetoka kwa mama mdogo akiwa jikoni kwake, bila maono.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi, na merikebu imefika Bandari Nzuri katika kisiwa cha Krete. Majira ya hatari yameshaingia. Paulo anawaambia wenzake kwamba safari hiyo itakuwa na hasara, ya shehena, ya merikebu na hata ya maisha yao. Soma taratibu uone: hapo hasemi kwamba ameota, wala kwamba malaika amemtokea. Anasema anachokiona, naye ni mtu aliyekwisha kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, kama alivyowaandikia Wakorintho. Akida, yaani ofisa wa jeshi aliyewasindikiza wafungwa, akamwamini nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Kisha upepo wa kusi ukavuma kidogo, wakadhani mambo yamewanyookea, wakang'oa nanga. Haukupita muda, tufani iitwayo Eurakilo ikawashukia.

Malaika alikuja, ndiyo, lakini baadaye, dhoruba ikiwa imewapiga siku nyingi bila kuona jua wala nyota. Watu wote 276 walifika nchi kavu salama, ila merikebu na shehena vikapotea. Wewe unataka kufunga ili malaika aje kwanza, wakati Paulo wako ameshasema. Na hiyo michango inayoingia vizuri kwenye kamati, mwanangu, inaweza kuwa ndiyo kusi yako.

Sisi tuliookoka tuna udhaifu huu na unaniuma. Tukisikia "Bwana asema" tunatetemeka. Tukisikia "mwanangu, huyo mtu hana uaminifu na fedha" tunasema huyo anaongea kimwili. Lakini Mithali imejaa maonyo ya baba na mama kwa mtoto wao, yakiwemo ya kumdhamini mtu mwingine katika deni. Mungu ameyaweka hayo ndani ya Biblia. Hayakuonekana ya kimwili kwake.

Sasa huyo nabii. Usitume hiyo laki tatu. Anataka fedha, anataka umwogope mtu anayekupenda, na anakukataza kuongea na mtu pekee aliyekuambia jambo linaloweza kuchunguzwa. Katika 1 Wafalme 13 kuna nabii mzee wa Betheli aliyemdanganya mtu wa Mungu kwa kusema kwamba malaika amesema naye. Yule mtu akaacha agizo alilokuwa amelipokea waziwazi, akala kwa mzee yule, na simba akamuua njiani. Kwa hiyo mtu kutaja malaika hakutoshi. Nabii Elisha alipomponya Naamani ukoma, Naamani alimsihi apokee zawadi, Elisha akakataa kabisa. Wewe umetajiwa bei kabla hujaombewa.

Tena usilirudie neno hilo la kufungwa mbele ya mtu yeyote wa ukoo. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi zilizoanza na maneno kama hayo ya mganga au mwonaji, na anayejiita nabii hana ruhusa zaidi ya kuyasema.

Kuhusu ndoto ya yule mama, sitaidharau. Paulo anawaambia Wathesalonike, "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Ila angalia Yusufu, mume wa Mariamu, alipoonywa ndotoni: aliambiwa amchukue mtoto na mama yake, akimbilie Misri. Alijua la kufanya usiku uleule. Maji ya tope peke yake hayakuambii uolewe wala usiolewe. Mshukuru mama huyo, mwombe aendelee kukuombea, na ndoto hiyo ikusukume kuchunguza unachoweza kuchunguza. Hata nabii Agabo alipomwonyesha Paulo kwamba atafungwa Yerusalemu, hakumdai kitu, na uamuzi ulibaki kwa Paulo mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mchumba wako, mshenga akiwepo, kwamba unataka kuona hesabu za bajaji: inaingiza kiasi gani, iko kwa nani, kadi yake ina jina la nani, na marejesho yamesimama kwa nini. Inawezekana biashara imekwama kweli na kijana ana aibu. Simjui, simhukumu. Ataleta karatasi au atawaka, na vyovyote atakavyofanya utakuwa umejifunza jambo ambalo mfungo usingekufundisha.

Halafu nenda kwa mchungaji peke yako, umweleze mkopo wote. Mwanaume aliyekuomba umfiche mchungaji anayekwenda kuwafungisha ndoa amekuonya mwenyewe bila kukusudia. Makanisa yetu mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu kabla ya kuifunga, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, ili mwenye neno aseme. Neno la mama mdogo lina mahali pake pa kusikilizwa. Usilizime ili tarehe ya ukumbi isipotee.

Ikibidi kusogeza harusi, isogezwe. Kamati itanung'unika, mama yako ataona haya mbele ya majirani, na shela litakaa kabatini. Hayo yanavumilika. Deni la mtu anayekasirika ukiuliza, ndani ya ndoa ya Kikristo ambayo umeapa kutoitoka, ni zito zaidi.

Funga ukitaka, siku moja inatosha, na uombe ujasiri wa kuuliza maswali hayo. Lakini kabla ya kufunga, mpigie mama mdogo simu leo, umuulize ameona nini kingine ambacho hajakuambia.

Shangazi